Mbegu ya Mpunga Huzeeka Kabla ya Kufa: Jinsi ya Kuipima, Kuitunza na Kuzalisha Aina Inayodumu

Weka mbegu mbili za mpunga kiganjani, moja ya mavuno ya juzi na nyingine iliyokaa ghalani miaka mitatu. Kwa macho hutazitofautisha: ganda ni lile lile, rangi ni ile ile, uzito karibu ule ule. Zilaze juu ya karatasi yenye maji, zifunike, urudi siku ya tatu. Ile mpya imeshatoa kimzizi cheupe kilichonyooka kama sindano. Ile ya zamani imepasua ganda tu, au imetoa kimzizi kifupi chenye ncha ya kahawia. Siku ya kumi huenda zote mbili zikahesabiwa kuwa zimeota, na daftarini zikaandikwa sawa. Kitaluni hazitakuwa sawa hata kidogo.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza msimu. Tunauliza kama mbegu iko hai, hatuulizi imezeeka kiasi gani. Nimeandika mwongozo huu kwa anayetunza mbegu yake mwenyewe, kwa kikundi kinachozalisha mbegu, na kwa kijana anayeanza kazi ya kuboresha mbegu na anataka aina yake mpya idumu ghalani. Hatua za mwanzo zinamfaa kila mtu. Za mwisho zinamtaka mwenye subira ya miaka.

Kwanza ujue kinachozeeka

Mpunga uko kwenye kundi la mbegu zinazovumilia kukaushwa sana, hata kugandishwa, bila kufa. Mbegu ikikauka, utomvu ulio ndani ya seli unakuwa mzito mpaka unafanana na kioo. Molekuli zinakaribia kutulia, na kila kinachoharibu kinakwenda polepole. Lakini kinakwenda. Oksijeni inaendelea kuyala mafuta yaliyo kwenye kiini, yaani kijimche kilicholala ndani ya punje, na kwenye utando wa seli, mafuta yanachacha, utando unaanza kuvuja. Protini zinapoteza umbo lake, nyuzi za DNA zinakatika hapa na pale.

Mbegu kavu haiwezi kujitibu, kwa sababu vimeng'enya vya ukarabati, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, vinahitaji maji ili vifanye kazi. Kwa hiyo majeraha yanajilimbikiza mwezi baada ya mwezi, na siku unapoiloweka ndipo ukarabati wote unapoanza kwa mkupuo. Mbegu changa ina majeraha machache, inamaliza upesi na kutoa mzizi. Mbegu mzee hutumia siku moja au mbili zaidi kujiziba kabla haijasukuma chochote nje. Ndiyo maana kuchelewa kuota ni dalili ya kwanza ya uzee, na hutokea mapema kabla asilimia ya uotaji haijaguswa.

Asilimia yenyewe haishuki kwa mstari ulionyooka. Hukaa juu kwa muda mrefu, 97, 96, 95, kisha huporomoka, halafu humalizia taratibu na mbegu chache sugu. Anayepata 88 hudhani amepoteza kidogo. Kumbe amesimama kwenye ukingo wa korongo, na miezi michache ya joto inatosha kumtumbukiza.

Mambo mawili ndiyo yanayoamua kasi ya uzee ghalani: unyevu wa mbegu na joto. Mtafiti wa Marekani James Harrington aliacha kanuni mbili nyepesi ambazo kila mtunza mbegu anapaswa kuzishika kichwani. Ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake ghalani yanaongezeka mara mbili. Ukipunguza joto kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi, yanaongezeka mara mbili tena. Kanuni hizi ni za makadirio, na hufanya kazi unyevu ukiwa kati ya asilimia 5 na 14. Mwaka 1980 Ellis na Roberts wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walitoa mlinganyo ulio sahihi zaidi, na ndio unaotumiwa na hifadhi za mbegu duniani. Lakini kwa kazi za kila siku za Harrington zinatosha. Fanya hesabu mwenyewe: mbegu yenye unyevu wa asilimia 14 kwenye nyuzi 30, ukiilinganisha na ile ile yenye unyevu wa asilimia 10 kwenye nyuzi 20. Nne za unyevu ni mara 16, kumi za joto ni mara 4. Jumla mara 64. Hakuna dawa ya kunyunyizia wala mfuko wa gharama unaofikia hapo peke yake.

Hatua ya 1: Vuna ikiwa imekomaa, usiiache ikarudiwa na maji

Uwezo wa mbegu kudumu hauji pamoja na uwezo wa kuota. Mbegu ya mpunga inaweza kuota wiki mbili tatu tu baada ya suke kuchanua, lakini ukiiweka ghalani inakufa mapema. Nguvu ya kudumu huendelea kujengwa hata baada ya punje kujaa na kuacha kuongezeka uzito. Kwa hiyo usikimbilie masuke ya kijani kwa sababu tu punje zimeshakuwa ngumu. Subiri mpaka punje 80 hadi 85 kati ya kila 100 ziwe na rangi ya majani makavu. Wakati huo unyevu huwa kati ya asilimia 20 na 25.

Baada ya hapo usichelewe. Suke lililokomaa likinyeshewa, likakauka, likanyeshewa tena, mbegu inazeeka ikiwa bado shambani, na punje zinapasuka ndani kwa ndani. Nyingine huanza kuota zikiwa kwenye suke. Mbegu ya namna hiyo hata ukiihifadhi vizuri kiasi gani, umehifadhi mzee.

Kabla ya kuvuna pita ung'oe mimea isiyofanana na wenzake. Wakati wa kupura, mashine iende taratibu, maana kiini cha mpunga kipo pembeni kabisa kwenye kitako cha punje, na ganda ndilo ngao yake pekee. Punje iliyomenyeka haifai kuwekwa kuwa mbegu ya mwakani.

Hatua ya 2: Kausha siku ile ile

Mpunga mbichi uliorundikwa hupata joto wenyewe, na usiku mmoja ndani ya gunia unaweza kukuibia miezi ya uhai wa mbegu. Anza kukausha ndani ya saa 24. Kwenye jua, tandaza juu ya turubai kwa unene wa sentimita 2 hadi 4 na ugeuze kila nusu saa. Jua likiwa kali, funika au sogeza kivulini, kwa sababu mbegu haitakiwi kupita nyuzi 43. Turubai jeusi saa sita mchana hupita hapo bila shida. Ukiweka kiganja chako katikati ya mbegu na ukashindwa kukiacha hapo, na kiini cha mbegu kinaungua vilevile.

Kuna jambo hapa linalowashangaza hata wataalamu. Kwa miaka mingi hifadhi za mbegu zilishauri kukausha kwa ubaridi, nyuzi 15 hivi, kwenye hewa kavu sana. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, huko Los Baños nchini Ufilipino, walilinganisha njia hiyo na kukausha kwanza kwa hewa yenye joto la nyuzi 45. Mwaka 2015 walieleza kwamba mbegu zilizovunwa zikiwa bado na unyevu mwingi zilidumu zaidi zilipoanzia kwenye joto. Inaelekea mbegu iliyovunwa na unyevu haijamaliza kukomaa, na joto la wastani linaipa nafasi ya kumalizia, ilhali chumba cha baridi kinaikatiza njiani. Usichukulie hili kuwa ruhusa ya kuikaanga. Ile ilikuwa hewa inayopita kati ya mbegu kwa kipimo, na mbegu mbichi hupozwa na maji yanayotoka ndani yake. Jua la saa nane juu ya mbegu iliyokwisha kukauka ni habari nyingine kabisa.

Utajuaje kama imekauka? Kipima unyevu ndicho bora. Kama huna, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mbegu hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi ya mezani iliyokaushwa jikoni, funga, tikisa vizuri, iache dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu bado umepita asilimia 15. Ikianguka chini yote ikiwa mikavu, umeshuka chini ya hapo. Mimi hushika chupa kuelekea mwanga na kuizungusha polepole. Punje tano sita za chumvi zilizonata upande mmoja zinatosha kunirudisha kwenye turubai.

Chumvi haikuambii kama umefika asilimia 12 au 10. Kwa hilo tumia mizani. Uzito unaotarajia ni uzito wa mwanzo mara mia toa unyevu wa mwanzo, gawanya kwa mia toa unyevu unaotaka. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, ukitaka ziwe na asilimia 12, ni 100 mara 80 gawanya kwa 88, yaani kilo 90.9. Pima gunia dogo la mfano, liweke alama, lianike pamoja na mengine. Likifika uzito huo, yote yamefika.

Kisha acha mbegu ipoe kabisa kabla ya kufunga. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilijaza pipa jioni, mbegu zikiwa bado na vuguvugu la jua, nikafunga kwa nguvu ili wadudu wasipate njia. Usiku kuta za pipa zilipoa, mvuke ukageuka matone chini ya kifuniko, matone yakadondokea mbegu. Nilipofungua miezi miwili baadaye, tabaka la juu lilikuwa limeshikana kama sega la nyuki, na ukungu wa kijivu ulikuwa umeshuka kina cha kiganja. Mbegu za chini zilionekana safi. Nilizipima, zikaota 61 kwa 100.

Hatua ya 3: Funga dhidi ya hewa

Gunia la kawaida halitunzi ukavu. Mbegu hupumua na hewa inayoizunguka: hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 75 itairudisha mbegu yako kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi, hata kama uliikausha mpaka 10. Kazi ya wiki nzima inapotea kimyakimya, mbegu ikiwa imekaa palepale ulipoiweka.

Amua kwanza unataka idumu muda gani. Kwa kupanda msimu ujao, ndani ya miezi minane hadi kumi na miwili, shuka asilimia 12 au chini ya hapo. Kwa zaidi ya mwaka, shuka 9. Kisha weka kwenye chombo kisichopitisha hewa: pipa lenye mpira kwenye mfuniko, chupa ya kioo, mfuko maalumu wa plastiki nzito ndani ya gunia. Jaza hadi juu ili hewa ibaki kidogo.

Chombo kilichofungwa kinakusaidia pia kwa fukusi na nondo. Wakiwamo ndani, wanatumia oksijeni iliyobaki mpaka inawaishia, wanakufa bila dawa. Lakini hilo linategemea kufunga kweli. Tundu la sindano linaharibu mpango wote. Usifungue kila wiki kuchungulia.

Kwa mbegu chache za thamani, kama mistari ya majaribio (koo za mpunga, kila mmoja ukitunzwa peke yake), weka silika jeli kavu, yaani punje zinazofyonza unyevu, yenye uzito sawa na mbegu ndani ya chupa, zitenganishwe na kitambaa. Baada ya wiki kadhaa mbegu zitakuwa zimeshuka hadi asilimia 6 au 7. Chupa hiyo inaweza kukaa kwenye jokofu miaka mingi. Sharti moja: ukiitoa, iache ifikie joto la chumbani kabla ya kufungua, saa kadhaa au usiku kucha. Ukifungua ikiwa baridi, umande utaangukia mbegu.

Hifadhi kubwa za kimataifa hutumia kanuni hizi hizi, zikiwa zimesogezwa mbali zaidi. Mbegu hukaushwa kwenye hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 15 hivi, hufungwa kwenye vifuko vya karatasi ya alumini, huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Hifadhi ya IRRI ina sampuli za mpunga zaidi ya 130,000, na nakala nyingi ziko kwenye ghala la Svalbard, Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008. Kwa hali hizo uhai huhesabiwa kwa makumi ya miaka na zaidi.

Hatua ya 4: Pima umri, usipime uhai peke yake

Hesabu mbegu 400 bila kuchagua, makundi manne ya mia mia. Usitupe zile mbaya kwa jicho, maana shambani hutazitupa. Zipange kwenye karatasi au kitambaa kilicholowa bila kutota, kunja, weka pahali penye nyuzi 25 hadi 30. Utaratibu wa kawaida ni kuhesabu mara mbili, siku ya 5 na siku ya 14. Nakuomba uongeze hesabu ya tatu: siku ya 3, hesabu zilizotoa mzizi wenye urefu wa angalau milimita 2.

Hiyo ya siku ya 3 ndiyo inayoongea. Tuseme una mafungu mawili, yote yameota 92 siku ya 14. Moja lilikuwa na mizizi 80 siku ya 3, jingine 35. Fungu la kwanza unaweza kulitunza. La pili lipande msimu huu au uliache kabisa. Angalia pia miche: iliyo na mzizi uliojikunja, jani la kwanza lililopasuka, au shina bila mzizi ihesabiwe kuwa mibovu, hata kama ina rangi ya kijani. Mbegu mzee huzaa miche ya namna hiyo kwa wingi.

Kama una kipima umeme cha maji, kuna njia nyingine. Loweka mbegu 50 zilizopimwa uzito kwenye maji yaliyoondolewa chumvi kwa saa 24, kisha pima maji. Utando wa mbegu mzee unavuja chumvi, na maji yake hupitisha umeme zaidi. Kwenye mpunga ganda linaweza kuchanganya matokeo, kwa hiyo linganisha mafungu ya aina moja tu.

Sasa tahadhari kubwa, na nimeona watu wakitupa mbegu nzuri kwa kutoijua. Mbegu isiyoota si lazima iwe mzee. Aina nyingi za mpunga zina ubwete: mbegu iliyovunwa karibuni imelala, inasubiri. Ukiipima wiki mbili baada ya mavuno inaweza kuota 20 kwa 100, na miezi miwili baadaye 95. Iliyokufa huoza ndani ya siku chache, ukiibonyeza inatoa ute mweupe au kijivu. Iliyolala hubaki ngumu na safi. Ili kuiamsha kabla ya kupima, weka mbegu kavu kwenye joto la nyuzi 50 kwa siku tatu hadi tano, halafu ndiyo uilaze kwenye karatasi. Kipimo chochote cha uzee kilichofanywa bila kuondoa ubwete kwanza hakina maana.

Hatua ya 5: Zeesha kwa makusudi ili kulinganisha aina

Kuanzia hapa tunaingia kwenye kazi ya kuboresha mbegu. Huwezi kungoja miaka mitano kujua ni aina ipi inadumu, kwa hiyo unaharakisha uzee.

Msingi wa kila kitu ni usawa wa mwanzo. Aina unazolinganisha zikuzwe msimu mmoja, shamba moja, na kila moja ivunwe kwa kuhesabu siku zile zile tangu ilipochanua. Aina ya siku 95 na ya siku 130 zikivunwa tarehe moja, unalinganisha ukomavu ukidhani unalinganisha urithi. Kosa hili ni la kawaida mno, na ndilo linalofanya matokeo ya mwaka huu yakatae ya mwaka jana.

Chukua kisanduku cha plastiki kinachofunga vizuri. Chini weka chumvi ya mezani iliyoloweshwa mpaka iwe uji mzito. Hewa juu ya uji huo hukaa kwenye unyevunyevu wa asilimia 75 bila wewe kuigusa. Weka wavu juu, panga vifuko vidogo vya chandarua, kila kimoja na mbegu 100 za aina moja, zisiguse chumvi. Acha siku chache kwenye joto la chumba ili aina zote zifikie unyevu mmoja, kisha hamishia kwenye nyuzi 45. Kila baada ya siku tatu au nne toa kifuko kimoja cha kila aina na upime uotaji. Maabara za hifadhi hutumia nyuzi 45 hizo hizo kwa unyevunyevu wa asilimia 60, ambao ni mpole zaidi na huchukua muda mrefu. Wengine hutumia hewa iliyojaa maji kabisa kwa siku chache. Mimi siipendi, kwa sababu ukungu huingia na ukaishia kupima ukungu.

Chora mchoro: siku chini, asilimia pembeni. Tafuta siku ambayo nusu ya mbegu zimekufa. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha aina na aina. Weka siku zote aina mbili za kupimia, moja unayojua inadumu na nyingine unayojua haidumu, ili majaribio ya miaka tofauti yasomane.

Na usiamini kisanduku peke yake. Kwenye unyevu mwingi, utomvu wa seli si kioo tena, na mbegu hufa kwa njia isiyofanana na ile ya ghala kavu, ambako oksijeni na mafuta ndiyo hutawala. Aina inaweza kushinda kisandukuni ikashindwa ghalani. Ndiyo sababu baadhi ya watafiti sasa huzeesha mbegu kavu kwa kuziweka chini ya shinikizo la oksijeni. Usipokuwa na mitungi ya oksijeni, fanya hivi: kwa kila aina weka chupa ya ushahidi, mbegu zenye unyevu wa asilimia 10 hadi 12, kwenye joto la kawaida la chumba, upime kila miezi sita. Itakuchukua miaka, lakini ndiyo hukumu ya mwisho.

Hatua ya 6: Chagua wazazi kwa ushahidi

Mpunga wa Asia una makundi makuu mawili, indika na japonika. Kwa jumla mpunga wa kundi la indika hudumu kuliko japonika wa nchi za baridi. Lakini ndani ya kila kundi kuna tofauti kubwa, kwa hiyo usichague kwa jina la kundi.

Mfano mzuri wa kazi hii ulitolewa mwaka 2002 na watafiti wa Japani. Walichukua mistari 98 iliyotokana na Nipponbare, japonika, na Kasalath, indika, wakaweka mbegu zake miezi 12 kwenye nyuzi 30 zikiwa kavu, kisha wakatafuta ni sehemu zipi za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, zilizokwenda pamoja na kudumu. Walipata tatu, kwenye kromosomu ya 2, ya 4 na ya 9, na zote tatu nakala nzuri ilitoka kwa Kasalath. Ile ya kromosomu ya 9, iliyopewa jina qLG-9, peke yake ilieleza zaidi ya nusu ya tofauti yote. Jambo lililonifurahisha zaidi ni hili: sehemu hizo hazikuwa zile zile zinazotawala ubwete. Maana yake, mzalishaji anaweza kutafuta mbegu inayodumu bila kulazimika kuchukua mbegu inayolala. Sifa hizi mbili tumezichanganya kwa muda mrefu kwa sababu zote zinaonekana kwenye karatasi ile ile ya kuoteshea.

Njia nyingine ni ya mafuta. Kiini na pumba za mpunga zina vimeng'enya viitwavyo lipoksijenezi, vinavyosaidia oksijeni kuyachachisha mafuta. Aina ya Daw Dam ya Tailandi inakosa kimoja kati ya vitatu, LOX-3, na wali wa mpunga wake uliokaa ghalani hauna harufu kali ya uchakavu. Vimeng'enya hivyo vilipopunguzwa maabara kwenye aina nyingine, mbegu zilidumu zaidi. Ni mlango wa thamani. Kumbuka tu kwamba lipoksijenezi zina kazi nyingine kwenye mmea ulio hai, ikiwamo kujikinga na wadudu, kwa hiyo mzao usio nazo upimwe shambani kwa makini. Upande wa pili wa mizani kuna vitamini E, ambayo hulinda mafuta hayo hayo, na vimeng'enya vinavyonyoosha protini zilizoharibika mbegu inapolowa.

Hatua ya 7: Kutanisha, kisha uwe na subira

Ua la mpunga hujichavusha lenyewe. Jioni, kata theluthi ya juu ya maganda ya ua ambalo halijafunguka kwenye suke la mama, toa chavulio (vifuko vya chavua) zote sita kwa kibanio chembamba, funika kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake, kabla ya mchana, suke la baba likifunguka likung'ute juu yake, funika tena, andika tarehe na majina. Ikibaki chavulio moja, umepoteza kazi. Hesabu sita kwa sauti kama inakusaidia.

Mara nyingi unataka kuipa aina ambayo watu wanaipenda sifa ya kudumu bila kuibadilisha mengine. Kwa hiyo mkutanishe tena mzao na mzazi huyo anayependwa mara tatu au nne, na kila kizazi ukague kwa alama za vinasaba, yaani kipimo cha DNA cha maabara, kama sehemu unayoitaka bado ipo. Bila maabara ya alama, panda vizazi kwa mistari hadi cha tano au cha sita, na uanze kupima uzee kuanzia cha nne, mbegu zinapokuwa za kutosha. Mmea mmoja wa kizazi cha pili hauna mbegu za kujaza vifuko, na mbegu zake zenyewe hazifanani kiurithi. Ukiamua mapema utachagua bahati.

Kumbuka pia kwamba ganda ni tishu ya mama. Mbegu iliyopatikana kwa kukutanisha ina kiini kipya ndani ya ganda la mama, tena mara nyingi ganda lililokatwa. Usiipime uzee hiyo, utapata majibu ya mkasi wako.

Mstari unaodumu lakini unazaa kidogo hakuna atakayeupanda. Pima mavuno, ladha na magonjwa sambamba, si baada.

Hatua ya 8: Jua siku ya kuipanda upya

Hakuna aina isiyozeeka. Kwa mkusanyiko wowote wa mistari, weka mpaka wa asilimia 85: uotaji ukishuka hapo, panda na uvune upya mara moja. Ukingoja zaidi, wanaobaki hai si sampuli ya wote walioingia, na kila upandaji unakupunguzia urithi bila wewe kuona. Panda mimea mingi, vuna suke kutoka kwa kila mmoja, usivune mingi kwa ile iliyostawi tu.

Ndani ya chupa weka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka na kalamu za rangi hufifia. Andika jina la mstari, tarehe ya kuchanua, tarehe ya kuvuna, unyevu siku ya kufunga, uotaji wa siku ya 3 na wa siku ya 14. Nje ya chupa bandika kingine chenye maneno yale yale. Kile cha nje kitabanduka.